Saa Niliyoandika

Wamemwachia Kapela Jumanne.
Majaji watatu, kurasa kumi na nane,
na ile sentensi inayofungua lango la Uyui:
aachiwe mara moja, labda kama anashikiliwa
kwa sababu nyingine halali.
Hakukuwa na sababu nyingine.
Hata ile ya kwanza, wanasema sasa, haikuwepo.

Bosi kanisukumia jalada mezani: "Ntahondi,
kabla hujastaafu, kalizike au kalifufue."
Linanuka gundi na mkojo wa panya.
Kamba yake niliifunga mimi,
fundo la kijana aliyetaka cheo.

Humo ndani Msabila bado amelala kifudifudi
mlangoni mwa ghala la chama cha msingi,
mpima tumbaku
ambaye nusu ya kijiji ilimdai
na nusu nyingine ilimwogopa.
Marobota ishirini na sita, risiti za mizani zimetapakaa.
Picha imepauka. Damu imekuwa rangi ya chai.

Nikachukua pikipiki ya kituo, nikapita Sikonge,
nikaingia miombo iliyochomwa moto juzi,
majivu yakinifuata.
Nyanzobe aliniona kabla sijazima injini.
Akaingia ndani, akatoka na kigoda kimoja,
akakikalia yeye.

Nikamwomba koroboi.
"Siku hizi tuna sola," akasema,
ila akanitafutia darini kopo lenye kutu,
utambi mgumu kama mkia wa panya.
Tukangoja giza, hatuna la kusemezana.
Nikaitundika mlangoni mwa ghala, pale panapoonyeshwa na mchoro,
nikarudi kwa hatua hadi dirishani kwake.
Mchoro unasema tano.
Nilihesabu ishirini na tatu.
Mjukuu wake akasimama chini ya taa.
Nikaona kitu kirefu, cheusi.
Kingeweza kuwa mtu, kingeweza kuwa nguzo.
Kingeweza kuwa mimi.

"Sasa Kapela ulimjuaje?"

Alimwita kwanza mtoto aingie ndani.
"Jina ulikuja nalo wewe, afande.
Uliniuliza: hakuwa Kapela huyo?
Mume wangu yu kitandani, mtoto mgongoni,
bunduki tatu uani kwangu.
Nikaona ni adabu kukubali."

Maelezo ya onyo: yameanza saa nne asubuhi.
Ndivyo nilivyoandika, kwa mwandiko mzuri,
walimu wa Kasulu walinisifia mwandiko.
Tulimkamata saa mbili asubuhi ile, hilo ni kweli.
Lakini kalamu iligusa karatasi usiku wa pili,
saa nane, baada ya
baada ya yale.
Vidole vyake vilikuwa vimevimba
hata dole gumba alitiishwa kwa kusaidiwa.
Nilimsaidia mimi.

Kapela nilimkuta kwa dada yake, Cheyo,
amekaa kwenye ukingo wa kiti
kama anayengoja kuhesabiwa.
Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima.
Hakuyangoja.
"Mizinga yangu," akasema, "ile arobaini ya magome,
kule ng'ambo ya mto. Nani aliirina?"
Miaka kumi na tisa, na swali ni hilo.
Nikasema sijui.
Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba hilo halimo jaladani.
Akatikisa kichwa taratibu
kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

Na aliyemuua Msabila?
Labda alishazikwa kwa heshima, turubai na pilau.
Labda ndiye aliyenijazia petroli leo
akanirudishia chenji kamili.

Nimerudi ofisini. Walinzi wanasikiliza mpira.
Nimeweka karatasi mpya,
nimetazama saa ya ukutani, nikaitazama tena:
saa tatu na dakika saba usiku.
Nimeandika hivyo hivyo.
Mahali pa jina la mtuhumiwa nimepaacha peupe.
Kalamu inaniwasha vidole.